Shanta Mbili, Nchi Nne na Mkufu wa Bi Aisha



Himdi zote ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, jamaa zake na swahaba zake. Ama baad.

Mpenzi msomaji, kwa zaidi ya miaka ishirini nimeketi mbele ya maharusi na wazazi wao nikieleza haki za mke juu ya mumewe. Ndoa nilizozifungisha ni nyingi hata idadi yake siikumbuki. Leo nakiri kwamba somo moja katika hayo niliyoyasomesha sikulifahamu mpaka nilipofika umri wa miaka hamsini na sita. Nililifahamu katika ua wa nyumba ya mwanamke mmoja mtaani Buyenzi, mjini Bujumbura, mke wangu akiwa amelala chumbani na goti lililovimba, nami nikiwa nje nimeshika ratiba ya safari mkononi. Makala haya ni ya safari ile, na ya ratiba ile.

Ombi la mama watoto

Ilikuwa mwaka 2023. Mtoto wetu wa mwisho alikuwa ameolewa, na nyumba imebaki na sisi wawili, mkeka na birika. Usiku mmoja nilikuwa nikitayarisha darasa juu ya Ibn Battuta, yule msafiri wa Tanja aliyefika Mombasa na Kilwa mwaka 1331. Mama watoto alikuwa akikunja nguo. Akasema, “Maalim, miji aliyopita Ibn Battuta mimi naijua kwa majina yote, kwa kuwa kila mwaka unaisomesha na mimi nasikiliza huku nyuma ya pazia. Lakini mimi mwenyewe sijavuka Horohoro.”

Sikuwa na jawabu. Mimi nimesafiri kwa mihadhara na mikutano, mara kwa mara na peke yangu. Yeye katika miaka thelathini alitoka Mombasa kwenda Lamu, Malindi na Msambweni, na kila mara ilikuwa kwa harusi au kwa maziko.

Tukakubaliana kufuata njia ya misafara ya zamani, ile iliyokipeleka Kiswahili na Uislamu bara: kutoka pwani mpaka Ujiji, kisha Burundi, Rwanda na Uganda, na kurudi nyumbani kwa Nairobi. Hatukuwa na fedha za ndege wala hoteli. Mwanangu wa kiume alituachia shanta mbili za mgongoni alizozitumia chuoni. Majirani walicheka. “Wazee hawa wanakwenda wapi na mashanta kama watalii?” Wengine walitutahadharisha kwamba Mfunguo Tano, yaani mwezi wa Safar, utatuingilia njiani, na kwamba mwezi huo una mkosi kwa msafiri. Niliwakumbusha kwamba Mtume, rehema na amani zimshukie, aliikanusha dhana hiyo, na kwamba mwezi hauna dhambi wala nuhusi yake.

Tulipofunga mizigo, shanta langu lilijaa kabla ya kila kitu kuingia. Vitabu vyangu vinne vizito vilibaki juu ya kitanda. La mke wangu lilikuwa na nafasi, kwa sababu yeye alichukua nguo chache, leso mbili, mswala na dawa. Nikavitia vitabu vyangu vinne humo. Hakusema neno. Naomba msomaji uvikumbuke vitabu hivi, tutakutana navyo tena.

Reli ya kwenda ziwani

Tulivuka kwa feri ya Likoni alfajiri moja ya mwezi wa Agosti, tukashika barabara ya Lunga Lunga, tukapigiwa mihuri mpakani Horohoro, na jioni tukalala Tanga. Mji ule haukutuonyesha ugeni. Leso ni zile zile, mahamri ni yale yale, na adhana ni ya sauti tuliyoizoea. Siku ya pili tukapanda basi la Dar es Salaam, na huko tukakata tiketi za treni ya Kigoma.

Reli ile ilijengwa na Wajerumani, ikaanza Dar es Salaam mwaka 1905 na kufika Kigoma mwaka 1914. Urefu wake ni zaidi ya kilomita 1,200, na kwa sehemu kubwa inafuata njia waliyoipita wapagazi wa misafara kwa miguu. Tulipanda daraja la pili la kulala, chumba cha vitanda sita, na humo wanaume hulala mbali na wanawake. Basi nikatenganishwa na mke wangu kwa ukuta wa mbao. Nilihuzunika kidogo kwa ajili yake, nikidhani atakuwa mpweke.

Asubuhi nilipomgongea mlango nilikuta wanawake watano wamemzunguka, mmoja amelala juu ya paja lake, na mtoto mchanga yuko mikononi mwake. Aliwajua wote kwa majina ya watoto wao. Alijua nani anarudi kwao Kigoma baada ya kujifungua, nani anauza mafuta ya mawese na bei yake imepandaje, na nani ana shangazi Bujumbura mtaani Buyenzi anayepokea wageni. Mimi chumbani mwangu nilikuwa nimejua mambo mawili tu, mpira na siasa, na jina la mtu hata mmoja sikuuliza.

Alfajiri ya pili maji ya behewa yalikuwa yamekwisha. Treni ilisimama kwenye kituo kidogo gizani. Tukashuka upesi, mimi na yeye, tukapiga vumbi kwa viganja, tukatayamamu na kuswali kando ya reli, naye nyuma yangu. Kwetu Mombasa kibla ni kaskazini karibu sawasawa, kwa kuwa Makka iko juu yetu kabisa. Kadiri mtu anavyokwenda magharibi inambidi aegemee upande wa mashariki, na nilijisifu moyoni kwa kulikumbuka hilo.

Tulipotoa salamu aliniuliza, “Maalim, aya ya kutayamamu ilishuka kwa sababu gani?”

Nikamjibu kama ninavyowajibu wanafunzi, “Kwa sababu ya mkufu wa Bi Aisha.”

“Ulipopotea?”

“Ulipopotea, watu wakakosa maji.”

Akapangusa vumbi usoni, akasema “Alhamdulillahi,” na tukapanda behewani. Nilidhani mazungumzo yamekwisha.

Chini ya miembe ya Ujiji

Treni ilipita Tabora, mji uliokuwa njia panda ya misafara, na baada ya mchana mrefu wa miombo mikavu tukaliona ziwa. Tanganyika ni ziwa lenye kina kuliko yote ya Afrika, na duniani linatanguliwa na moja tu. Urefu wake ni kilomita zipatazo 670, na nchi nne zinagawana maji yake: Tanzania, Kongo, Burundi na Zambia. Kwa mtu wa pwani ni jambo la kushangaza kusimama mbele ya maji yasiyo na mwisho, ukanawa, na ulimi usionje chumvi. Mke wangu alionja mara tatu kuhakikisha.

Tulikula migebuka ya kukaanga na ugali wa muhogo, kisha tukaenda Ujiji, mwendo mfupi kutoka Kigoma. Watalii huenda pale kuona mahali ambapo Stanley alimkuta Livingstone mwaka 1871. Pana mnara wa kumbukumbu na jumba la makumbusho, na pana miembe ambayo wenyeji husema ni vizazi vya ule mwembe wa siku ile.

Lakini mimi na mke wangu tulikuwa na jambo jingine la kulitazama. Ujiji umejaa Waislamu, misikiti na madrasa, na watoto husoma alifu kwa sauti ile ile ya watoto wa Kuze au Kibokoni. Moyo ulifurahi. Kisha ukaingia uzito, kwa sababu njia iliyoleta alifu hiyo ndiyo iliyopitisha pembe za ndovu na waja wa Mungu waliofungwa shingo. Haifai kusimulia nusu moja tu ya habari. Miongoni mwa waliomiliki misafara ile walikuwamo watu wa pwani yetu, wenye majina kama yetu na waliokuwa wakiswali. Dini yetu imefanya kumwacha mtu huru kuwa ibada, wao wakafanya kumfunga kuwa biashara. Tuliketi kwa muda chini ya mwembe bila kuzungumza.

Mke wangu ndiye aliyesema kwanza. “Na wanawake walibeba?”

“Walibeba,” nikamwambia. “Wengine mzigo kichwani na mtoto mgongoni.”

Alipoinuka alishika shina la mti. Niliona, lakini sikuuliza.

Ratiba

Hapa sina budi kueleza habari ya ratiba. Rafiki yangu mmoja wa Kampala alikuwa amenialika kutoa darasa baada ya swala ya Ijumaa. Ijumaa hiyo nilikuwa nimeihesabu tangu Mombasa, nimeandika siku ya kila mji, na kila tulipochelewa saa mbili nilikuwa nikizifidia kwa kutembea haraka. Mimi ni mwepesi wa miguu. Nilikuwa natangulia hatua kumi au kumi na tano, kisha nasimama kumngoja, na anapofika nami naondoka tena. Kwa hiyo mimi nilikuwa napumzika na yeye hapumziki. Hilo nalo sikulijua mpaka niliambiwa.

Kulikuwa na jambo jingine. Fedha zote nilizifunga mimi kiunoni chini ya kanzu, kwa usalama. Katika stendi nyingi choo hulipiwa. Kila alipohitaji kwenda alilazimika kunijia mbele za watu na kuniomba sarafu, mwanamke mwenye wajukuu, na mara nyingine nilikuwa katika mazungumzo na akangoja. Ikawa njiani anakunywa maji kidogo ili asiniombe. Hili pia sikulijua.

Asubuhi ya kuondoka Kigoma aliniambia, “Goti linaniuma kidogo. Tukikaa siku mbili?”

Nikamwambia, “Tukikaa siku mbili hatuwahi Ijumaa. Jikaze, tutapumzika Bujumbura.”

Akajikaza. Gari lilipanda milima mpaka Manyovu. Mpakani tulishuka, tukabeba shanta na kuvuka kwa miguu. Upande wa pili magari hupita kulia, si kushoto kama kwetu, na mara mbili alitazama upande usiokuwa. Tukateremka Nyanza-Lac, tukafuata ziwa kupitia Rumonge, nchi ya michikichi, maji ya buluu kushoto kwetu na milima ya Kongo ng’ambo. Ilikuwa njia nzuri kuliko zote za safari yetu. Mimi niliitazama. Yeye alikuwa amefumba macho.

Tulipofika Bujumbura jua lilikuwa likitua nyuma ya milima ile ya Kongo. Alitia mguu chini kutoka garini, na mguu ukakataa.

Mwanamke wa Buyenzi

Buyenzi ni mtaa wa Waswahili wa Bujumbura. Wazee wa wakazi wake walifika na misafara na baadaye na serikali za kikoloni, na mpaka leo ukiingia humo unaacha Kirundi barabarani na kuingia katika Kiswahili, misikiti na harufu ya chai ya tangawizi. Tulifikia kwa yule shangazi aliyetajwa katika treni. Ningalisafiri na elimu yangu peke yake ningalikuwa nimekosa mahali pa kulala. Kilichotupatia paa ni mke wangu na maneno aliyoyazungumza usiku na wanawake wenzake.

Bi mkubwa yule, makamo ya kuzidi sabini, alimtazama mke wangu, akalitazama goti, kisha akamvua shanta mabegani. Lilimwelemea. Akalifungua pale pale uwanjani, akatoa leso, mswala na dawa. Kisha akatoa kitabu, cha pili, cha tatu na cha nne, akavipanga juu ya mkeka.

“Hivi ni vya nani?”

“Ni vyangu,” nikasema.

Akanitazama kwa adabu, maana alikwisha ambiwa kuwa mimi ni sheikh. “Samahani, Shehe. Nauliza tu. Umekuja na mke au umekuja na mpagazi?”

Msomaji, mimi nilikuwa nimetoka Ujiji siku ile ile. Nilikuwa nimeketi chini ya mwembe na kuhuzunika juu ya wanawake waliobebeshwa mizigo ya watu wengine. Sifananishi, Mungu anilinde, mzigo wa vitabu na minyororo ya wale waja. Lakini nilikuwa nimeyalilia madhambi ya watu waliokufa, na la kwangu likiwa mgongoni mwa mke wangu.

Siku ya pili tulikwenda kituo cha afya. Tuliambiwa goti limejaa maji, halina budi kupumzishwa wiki nzima na lisibebe kitu. Nilirudi na kuketi ndani ya ua na ile karatasi yangu ya ratiba. Bado nilikuwa napiga hesabu. Nilifika, Mungu anisamehe, mpaka kufikiri kwamba ningeweza kumwacha pale kwa siku tano, nikaenda Kampala kutoa darasa na kurudi.

Darasa lenyewe lilikuwa juu ya kuishi na wake kwa wema.

Hapo ndipo liliponijia swali lake la kando ya reli. Aya ya kutayamamu ilishuka kwa sababu gani? Nimeisomesha habari ile mara mia. Mtume alikuwa safarini na jeshi zima, na mkufu wa Bi Aisha ukakatika na kuanguka. Hawakuwa karibu na maji wala hawakuwa na maji. Watu walinung’unika wakamwendea Sayyidna Abubakar, naye akaja akamkemea binti yake na kumdukua ubavuni. Bi Aisha hakutikisika, kwa sababu Mtume alikuwa amelala, kichwa chake juu ya paja lake. Kukapambazuka hakuna maji, ndipo Mwenyezi Mungu akateremsha ruhusa ya kutayamamu. Swahaba Usayd bin Hudhayr akasema kwamba hiyo haikuwa baraka ya kwanza kuja kwa sababu ya jamaa wa Abubakar. Kisha ngamia alipoinuliwa, mkufu ulikuwa chini yake.

Miaka yote hiyo niliisomesha kuwa ni mlango wa twahara: vumbi la namna gani, mapigo mangapi, mpaka wapi katika mikono. Ni sahihi, na ni wajibu kujua. Lakini sikupata kuuliza ni nani aliyelisimamisha jeshi. Alikuwa Mtume wa Mwenyezi Mungu, mwenye kazi kubwa kuliko darasa la Kampala, na alilisimamisha kwa ajili ya mkufu wa mkewe. Wakubwa walilalamika. Yeye hakumlaumu mkewe, bali aliweka kichwa juu ya paja lake akalala.

Mke wangu hakuwa amepoteza mkufu. Alikuwa amepoteza goti.

Nikaingia chumbani nikamwambia, “Tutakaa siku nane.”

“Na Ijumaa?”

“Nimeiacha.”

Akanyamaza, kisha akasema, “Kule Kigoma sikulalamika sana kwa kuwa uliharakia. Tangu Tanga lilikuwa linauma.”

Adhuhuri ilipofika nilitawadha nikaenda msikitini. Tangu Likoni nilikuwa nikifupisha swala kama msafiri. Lakini katika madhehebu yetu ya Shafi, msafiri akitia nia ya kukaa mahali siku nne kamili, bila kuhesabu siku ya kuingia na ya kutoka, hana tena ruhusa ya kufupisha. Nikaswali rakaa nne. Nilipoinuka kwa rakaa ya tatu ndipo nilipojua kwa hakika kwamba nimekubali kusimama.

Nilimpigia simu rafiki yangu wa Kampala kumtaka radhi. Nilitayarisha maneno mengi. Akasema, “Hakuna neno, Maalim, muuguze ahli yako,” na kabla ya Laasiri alikuwa amekwisha kupata mwingine wa kutoa darasa.

Siku nane, kisha njia nyepesi

Siku nane za Buyenzi ndizo nizikumbukazo zaidi. Wahenga walisema mgeni siku ya tatu mpe jembe, na bi mkubwa hakuisahau methali hiyo. Mke wangu alipewa ungo wa mchele auchague akiwa ameketi, nami nikapewa ndoo. Nilichota maji, nilikwenda sokoni kununua ndagala na mukeke, samaki wa ziwa, na nilijifunza kwamba isombe ni kisamvu chetu kilichopikwa kwa mawese. Jioni wanawake wa mtaa walikuja kumsikiliza mke wangu akisoma Qurani. Miaka thelathini nimeishi naye, na hapo ndipo nilipotambua kwamba kisomo chake ni kizuri kuliko changu.

Tulipoondoka, vitabu viwili vilibaki katika madrasa ya mtaa, na viwili vilihamia shanta langu. Fedha tuligawana nusu kwa nusu, kila mtu na mkoba wake. Ratiba niliikunja nikaitia ndani ya kitabu kuwa alama ya ukurasa.

Tulipanda milima ya Kayanza, tukavuka mto Akanyaru kuingia Rwanda, na kupitia Huye tukafika Kigali. Katika mitaa ya Nyamirambo na Biryogo tulikuta tena Waswahili wenzetu. Kiswahili chenyewe kilifanywa lugha rasmi ya Rwanda mwaka 2017. Tulikwenda Gisozi, penye makaburi ya watu zaidi ya 250,000 waliouawa katika mauaji ya kimbari ya mwaka 1994. Habari za Waislamu wengi wa Kigali waliowaficha majirani majumbani na misikitini ni habari za kujivunia, ingawa si kila aliyejiita Muislamu alinusurika na dhambi ile. Mke wangu alilia. Nilimshika mkono mbele za watu, jambo ambalo barabarani Mombasa sikupata kulifanya.

Tukapita Gatuna kuingia Uganda, tukalala Kabale penye baridi, na siku ya pili tukafuata barabara ya Mbarara. Kayabwe, kwenye mstari wa Ikweta, gari lilisimama ili watu wapige picha. Nilimkumbusha mke wangu kwamba Mtume alipata kushindana mbio na Bi Aisha safarini, mara moja Bi Aisha akamshinda na mara nyingine Mtume akamshinda. Akaniambia, “Basi tushindane kutembea mpaka kwenye ule mstari, kwa mwendo wa goti langu.” Tukatembea kwa mwendo wa goti lake. Alinishinda kwa hatua moja.

Kampala tulifika siku ya Jumanne, si Ijumaa. Uislamu uliingia Buganda mwaka 1844, katika zama za Kabaka Suna, kwa mfanyabiashara Ahmed bin Ibrahim. Leo juu ya kilima cha Old Kampala upo msikiti mkubwa ambao mnara wake hupandwa na wageni, na kutoka juu huonekana mji wote na vilima vyake. Ngazi ni nyingi. Zamani ningepanda peke yangu nikashuka kumsimulia. Safari hii tuliketi chini wawili, tukala ndizi, na mnara tukautazama tu.

Kwa wenye nia

Tulirudi kwa Busia na Nairobi, kisha treni mpaka Miritini. Kwa mume na mke watakaopenda kufuata njia hii, nasaha zangu ni chache.

Hakikisheni pasipoti na kadi za chanjo ya homa ya manjano kabla ya kutoka. Ulizeni hali ya mipaka, kwa sababu mwezi wa Januari 2024 Burundi ilifunga mpaka wake na Rwanda, na njia tuliyoipita sisi ikazibika. Someni fiqhi ya safari nyote wawili: kufupisha, kukusanya, kutayamamu, na hukumu zinazomhusu mwanamke, ili asiwe na haja ya kuuliza kila swala.

Mzigo upimwe nyumbani, kila mtu abebe alichokichagua mwenyewe, na mwenye nguvu ampunguzie mwenziwe. Fedha zigawanywe. Mwanamke kuomba sarafu ya choo ni udhalilifu mdogo, na midogo ikikusanyika huwa mikubwa. Wekeni siku tupu ndani ya ratiba, na mwenye haraka atembee nyuma.

Na wewe mume mwenzangu, si lazima ufike Kampala ili uyajue haya. Wengi wetu tumo safarini na wake zetu miaka ishirini na thelathini bila kutoka mtaani. Tumetangulia hatua kumi na tano, tunasimama kuwangoja, na wanapotufikia tunaondoka. Usiku wa leo geuka utazame. Muulize ni wapi panapomuuma na tangu lini, kisha kaa chini umsikilize mpaka amalize.

Shanta mbili zimetundikwa nyuma ya mlango wetu. Juzi mama watoto alikuwa akizipangusa vumbi, akaniuliza, “Maalim, Kilwa je?” Nimemwambia apange yeye siku.

Mwenyezi Mungu atujaalie utulivu, mapenzi na huruma majumbani mwetu, awaongoze wasafiri wetu na kuwarudisha salama. Amin.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.